SARE ZA JAMAA KUBWA ZIWEZAVYO KUSHONWA NYUMBANI

Mazungumzo kwa akina mama, akina baba na wote wenye nyumba ya watu wengi



Ni machache yapendezayo macho siku ya harusi kama kuona jamaa ya watu kumi au ishirini wakiingia pamoja, wazee kwa watoto, wote wamevaa sare. Mgeni asiyewajua hutambua mara moja kwamba hao ni watu wa nyumba moja. Lakini nyuma ya uzuri huo mara nyingi pana mambo yasiyoonekana. Pana baba aliyekopa ili watoto wake saba wasionekane duni mbele ya watoto wa ndugu yake. Pana shangazi aliyetuma salamu kwamba ana homa, kumbe hakuwa na fedha za kitambaa. Pana mtoto aliyeachwa kwa jirani kwa kuwa nguo haikumfikia. Hapo sare iliyokusudiwa kuwakusanya watu imewatenga.

Mazungumzo haya yana neno moja kubwa: sare ya ukoo yafaa ipimwe kwa mfuko wa nyumba iliyo na kidogo kuliko zote, wala si kwa mfuko wa nyumba iliyo na kingi. Na njia iliyo nyepesi ya kulitimiza hilo ni kushona nyumbani, kwa hesabu na kwa mikono mingi.

DESTURI HII ILIKOTOKA

Kuvaa sare katika sherehe si jambo la jana. Katika miaka ya 1890 watu wa miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, walianza ngoma za beni, ambazo wachezaji wake waliiga bendi na gwaride za askari, wakajishonea mavazi ya kufanana na kujipa vyeo. Akina mama wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyama hivyo vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Mashindano hayo yalileta furaha nyingi na umoja mwingi, lakini pia yalikula fedha nyingi, kwani kila upande haukukubali kushindwa na mwenzake.

Wala desturi hii si ya Afrika ya Mashariki peke yake. Wayoruba wa Nigeria huita sare ya namna hii aso ebi, maana yake nguo ya jamaa, na huko pia watu hulalamika kwamba gharama yake huwalemea wengi. Kwa hiyo shida hii yajulikana mahali pengi. Dawa yake si kuiacha desturi nzuri, bali ni kuitengeneza vizuri.

Katika Kenya kazi ya sindano imefundishwa kwa muda mrefu katika vikundi vya akina mama. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilikuwa na ushonaji katika mafundisho yake ya kwanza. Basi ujuzi upo katika nyumba nyingi, na cherehani iliyonyamaza pembeni mwa chumba yaweza kuamshwa.

KWANZA DAFTARI, NDIPO DUKA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mshonaji mwenye busara haendi dukani kabla hajaandika. Katika ukurasa wa kwanza huandika majina ya wote watakaovaa, kuanzia babu hata mtoto mchanga. Katika ukurasa wa pili huandika kila nyumba ya ukoo na fedha iwezazo kutoa pasipo kukopa. Jambo hili la pili ni la siri na la heshima. Yafaa liulizwe na mtu mmoja tu, tena mtu mzima anayeaminiwa na wote, kwa kwenda mwenyewe au kwa simu, wala lisitangazwe mbele ya mkutano. Fedha iliyo ndogo kuliko zote katika ukurasa ule ndiyo itakayochagua kitambaa.

Katika ukurasa wa tatu huandikwa vitu vilivyomo nyumbani tayari: mashati meupe ya watoto wa shule, blauzi, suruali nyeusi, shuka lisilotumika, vifungo vya nguo kuukuu, lasi iliyobaki. Watu wengi hushangaa wanapouona ukurasa huu, kwa maana huona kwamba nusu ya sare ilikuwa sandukuni.

HESABU YA KITAMBAA

Na ichukuliwe mfano wa jamaa ya watu 12: babu, bibi, baba, mama, wavulana wanne wa miaka 14, 11, 8 na 5, wasichana watatu wa miaka 12, 9 na 6, na mtoto mchanga mmoja. Kitambaa ni kitenge chenye upana wa kama mita 1.15, nacho huuzwa aghalabu kwa kipande cha yadi 6, yaani kama mita 5.5.

Njia ya kwanza ni kuwavisha wote kitenge mwili mzima. Magauni mawili marefu ya bibi na mama yatataka mita 6. Mashati mawili ya babu na baba yatataka mita 4. Mashati ya wavulana wanne yatataka mita 5 na nusu, na magauni ya wasichana watatu mita 6. Mtoto mchanga atatosheka na nusu mita. Jumla ni mita 22. Vipande vinne vyatoa mita 21.9 tu, basi mkasi ukikosea mara moja, itakuwa lazima kununua kipande cha tano.

Njia ya pili ni kukifanya kitenge kuwa alama ya jamaa, kisiwe nguo nzima ya kila mtu. Bibi na mama, kwa heshima yao, hupata magauni kamili kwa mita 6. Wasichana huvaa blauzi nyeupe walizo nazo, na kila mmoja hushonewa sketi ya upana mmoja wa kitambaa, iliyokunjwakunjwa kiunoni kwa lastiki. Sketi ya kwanza hukatwa sentimita 80, ya pili 65, ya tatu 55, jumla mita 2. Wavulana huvaa mashati yao meupe, na kila shati huwekwa mfuko wa kitenge na utepe wa kitenge mbele penye vifungo. Mita 1 yatosha wote wanne. Babu na baba hupata vivyo hivyo, pamoja na kofia, kwa sentimita 70. Mtoto mchanga hupata kofia na kitambaa cha kifuani kwa sentimita 40. Jumla ni mita 10 na sentimita 10. Vipande viwili vyatoa karibu mita 11, na hubaki kama sentimita 80 za kilemba au za kusahihisha makosa.

Hivyo gharama ya kitambaa imepungua kwa nusu, wala hakuna aliyeachwa. Zaidi ya hayo, wengi husema kwamba njia ya pili hupendeza kuliko ya kwanza, kwa kuwa weupe hupumzisha macho na rangi za kitenge huonekana vizuri zaidi.

Tena ipo siri ndogo ya kujua. Mfuko na utepe wa kitenge juu ya shati la shule usishonwe kwa cherehani, bali ushikizwe kwa mkono kwa mshono wa bandi uliofichwa ukingoni. Sherehe ikiisha, uzi hufumuliwa kwa dakika chache, na shati hurudi shuleni siku ya Jumatatu bila alama.

LESO NA JINA LAKE

Jamaa nyingine, hasa za pwani, hupendelea leso. Husemekana kwamba jina hili lilitokana na vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, ambavyo wanawake wa pwani katika karne ya 19 waliviunganisha sita sita kuwa nguo moja. Leo leso huuzwa kwa doti, yaani leso mbili zilizofanana, na kila moja ina urefu wa kama mita 1 na nusu na kimo cha kama mita 1 na sentimita 10. Ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lililoandikwa karibu na pindo la chini. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi.

Leso ina faida kubwa kwa mshonaji. Kingo zake ndefu, za juu na za chini, hazifumuki, basi sketi ya leso haihitaji kupindwa chini. Yatosha kuunganisha kingo mbili fupi, kutia lastiki juu, na kazi imekwisha. Lakini akataye na aangalie mambo mawili. Kwanza, jina lisikatwe katikati wala lisigeuzwe juu chini, maana nguo yenye maneno yaliyopinduka huwa kichekesho. Pili, kabla ya kununua doti ishirini, mtu mzima na alisome jina kwa makini. Leso husema. Jina la kijembe, likivaliwa na jamaa nzima ya bwana harusi mbele ya jamaa ya bibi harusi, laweza kuanzisha ugomvi utakaodumu kuliko ile nguo yenyewe. Jina la shukrani, la dua au la upendo halina hatari hiyo.

Kwa wasioweza kununua kitenge wala leso mpya, mashuka ya mitumba ni kitambaa kizuri. Katika masoko kama Gikomba, Nairobi, na Kongowea, Mombasa, hupatikana mashuka ya pamba ya rangi moja, mapana, yenye nguvu. Shuka moja la kitanda kikubwa laweza kutoa mashati ya watoto kadhaa. Ukoo ukichagua rangi moja, tuseme samawati, kila nyumba yaweza kutafuta shuka lake, na utepe mwembamba wa kitenge kimoja ukashonwa juu ya nguo zote uwe alama ya kuwaunganisha.

KUPIMA NA KUKATA

Kitambaa cha pamba hulowekwa majini kwanza, hukaushwa kivulini na kupigwa pasi, ndipo kikatwe. Asiyefanya hivyo huona gauni limepungua baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kitambaa chekundu au cheusi hulowekwa peke yake, kisije kikachujuka na kuharibu cheupe.

Kila mtu hupimwa kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu wa mkono na urefu wa nguo, na vipimo huandikwa mbele ya jina lake. Kwa shati lisilobana huongezwa sentimita 8 hata 10 juu ya kipimo cha kifua. Kwa mishono huachwa sentimita 1 na nusu kila upande. Chini ya nguo ya mtoto huachwa upindo wa sentimita 8, kwa sababu mtoto hukua lakini gauni halikui. Mwaka utakaofuata upindo huteremshwa, na nguo huvaliwa tena.

Kielelezo hukatwa kwa karatasi, na gazeti lililokwisha somwa lafaa sana kwa kazi hiyo. Ikiwa mashati mazima yanashonwa, kielelezo cha mvulana mkubwa hukatwa kwanza, na kitambaa chake hukatwa kabla ya yote. Kisha karatasi ile ile hupunguzwa kwa kipimo cha anayemfuata, hivyo hivyo hata mdogo kabisa. Basi karatasi moja huwatumikia ndugu wanne. Anayeanza kwa mdogo hulazimika kutengeneza vielelezo vinne. Tena vipande vikubwa hutangulia kukatwa katika kitambaa, na mifuko, kofia na tepe hutoka katika mabaki.

KAZI KWA ZAMU

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama akishona peke yake nguo za watu 12, atakesha, naye atafika harusini amechoka kuliko mtu aliyetoka shambani. Lakini kazi ikigawanywa, kila mtu hupata sehemu yake. Mwenye mkono thabiti hukata. Mwenye cherehani hushona mishono mirefu. Bibi, aliyezoea sindano, hupinda na kutia vifungo. Watoto wenye macho makali hutunga nyuzi sindanoni na kufumua bandi. Kijana mkubwa hupiga pasi, na yafaa asione haya, maana mafundi wengi wa cherehani mijini ni wanaume.

Jambo lingine liokoalo wakati ni kufanya kazi za namna moja kwa pamoja. Sketi zote tatu huunganishwa ubavuni kwa mfululizo, kisha zote hutiwa lastiki, kisha zote hupindwa. Mshonaji anayemaliza nguo moja ndipo aanze nyingine hubadilisha uzi na kipimo kila mara, na saa nyingi hupotea.

Wiki nne zatosha kwa jamaa kama hiyo. Wiki ya kwanza ni ya daftari na vipimo. Wiki ya pili ni ya kununua, kuloweka na kukata. Wiki ya tatu ni ya kushona. Wiki ya nne ni ya kujaribu nguo, kusahihisha na kupiga pasi. Siku tatu kabla ya sherehe sindano na ziwekwe chini.

HADHARI

Harusi ina moto mwingi: majiko, makaa, mishumaa, na mahali pengine taa za mafuta. Kwa hiyo mikono mipana inayoning'inia haifai kwa watakaopika wala kwa watoto watakaokimbia karibu na jiko. Kitambaa cha nailoni huyeyuka kikishika moto na kugandamana na ngozi, basi pamba ni bora. Kamba za kufungia zisiwekwe shingoni mwa nguo za watoto wadogo, zisije zikanasa mlangoni au garini. Vifungo vya nguo ya mtoto mchanga vishonwe kwa uzi maradufu, kwa kuwa kila kinachong'oka huenda kinywani.

BAADA YA SHEREHE

Nguo iliyoshonwa kwa hekima haifi siku moja na sherehe. Sketi huvaliwa Jumapili, au siku ya Idi, au siku ya kwenda mjini. Gauni la msichana wa miaka 12 humngoja mdogo wake. Mabaki huwa viraka, mifuko ya sokoni na foronya. Tena jambo hili na likumbukwe wakati wa kuchagua: rangi na mshono usioweza kuvaliwa mara ya pili ni ghali, hata kama kitambaa chake ni rahisi.

NENO LA MWISHO

Wako watakaosema kwamba ukoo wao utachekwa ukionekana na mifuko ya kitenge juu ya mashati meupe, hali wenzao wamevaa kitambaa cha gharama kutoka kwa fundi mkubwa wa mjini. Kicheko cha watu huisha jua linapotua, lakini deni huamka asubuhi pamoja na mwenye nyumba. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na nguo iliyonunuliwa kwa fedha ya kuazima nayo haina tofauti kubwa na hiyo.

Ukoo unaotaka kujua kama sare yake ilifaulu usitazame picha zilizopigwa. Na uhesabu watu. Ikiwa shangazi yule alikuja, na mtoto yule hakuachwa kwa jirani, na hakuna mlango utakaobishwa na mwenye kudai mwezi ujao, sare hiyo imefanya kazi yake.